Rangi Isiyooshwa

Chausiku alinipigia simu nikiwa nachambua mchele. Akaniamkia, nikaitikia, na kwa sauti yake nikajua. Mama yake, Mwamvua, alikuwa amefariki alfajiri ile nyumbani kwao Kisarawe, na angezikwa kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. "Mama, watani wengine wapo hapa kijijini," akasema, "lakini yeye aliacha neno. Alisema mtani wake ni wewe, na usipofika jeneza lisitoke." Nikamjibu vile tunavyojibu sisi: "Mwambieni huyo Mzaramo atulie. Haraka ya nini, na huko anakokwenda hakuna ngoma?" Akacheka huku analia. Nilipokata simu niliurudia mchele wangu, nikaokota chuya moja moja mpaka ungo ukawa safi, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimechambua mchele wa kulisha watu kumi, nami hapa Morogoro naishi peke yangu.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara. Babu zetu walitoka Tabora na pembe mabegani, wakatembea miezi, na kabla hawajaiona bahari iliwabidi wapite kwa babu zao Mwamvua, waliowatoza hongo ya njia. Mahali watu walipogombana na kuogopana muda mrefu ndipo palipozaliwa ruhusa hii ya kutukanana bila kukasirikiana. Mtani atakuita mwizi mbele ya wakwe zako nawe utacheka. Atachukua kuku wako. Ukifa atalala kitandani pako, avae nguo zako, aige mwendo wako, naye ndiye pekee anayeruhusiwa kuwachekesha watu msibani. Ni desturi nzuri, nami sina ugomvi nayo. Ila nataka kusema jambo ambalo sijawahi kusikia mtu akilisema: utani ni maficho mazuri mno ya wivu. Kwa mwaka mzima nilimwambia Mwamvua kila siku kwamba namchukia, na kila siku alicheka.

Ulikuwa mwaka wetu wa kidato cha sita, katika shule ya bweni ya wasichana pale Tabora. Miaka ile Serikali ilitawanya wanafunzi nchi nzima makusudi ili tujuane, na ndivyo msichana wa Kisarawe alivyoshuka kwenye treni mjini kwetu na sanduku la bati na mfuko wa kashata za nazi. Ulikuwa pia mwaka wa unga wa yanga. Tulikula ugali wa manjano mchana, ugali wa manjano jioni, na maharage ambayo mtu mwenye macho mazuri aliyala taratibu. Mimi nilikuwa na macho mazuri. Mwamvua alikula bila kutazama, anaongea, anacheka, anamega tonge jingine, na sahani yake ilimalizika kabla ya yangu. Hata hilo nililionea wivu. Kuna watu dunia inawashuka kooni bila kukwama, na ukiwa umekaa nao meza moja unaanza kuhisi kwamba kila mwiba wa samaki umetengwa kwa ajili yako.

Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Lugendo, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe na jingine jeupe vilevile. Alirudi na boksi la vipande vya kioo, kila kimoja kimepakwa upande mmoja kitu kisichoonekana kinachopitisha umeme, na alirudi na wazo. Mafuta ya taa yalikuwa shida, vijiji vilikuwa gizani, na jua la Unyamwezi lilikuwa linaanguka bure juu ya mabati. Kule alikosoma watu walikuwa wanajaribu kuvuna umeme wa jua kwa rangi. Unapaka kioo unga mweupe wa zinki, ule unaowekwa kwenye dawa za ngozi, unaukausha juu ya jiko la mkaa, kisha unauchovya kwenye rangi. Unakifunika na kioo kingine kilichopakwa masizi ya koroboi, unadondoshea katikati maji ya ayodini, unavibana kwa vibanio vya nguo, unavitoa juani. Rangi inakamata mwanga, inaupa unga mweupe umeme kidogo, na mshale wa kipimo unasogea. "Jani la mti linafanya kazi hii kila siku," alisema, "na halijasoma hata darasa la kwanza."

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande wa mashariki, meza za mninga zilizochomwa na asidi za wasichana waliotutangulia, na mwishoni stoo ndogo isiyo na mlango, yenye pazia tu. Jumamosi, wenzetu walipokwenda shamba la shule, sisi wawili tulibaki humo na rangi. Mwanzoni tulijaribu kila kilichotia doa: mchicha, hina ya Mwamvua, ganda la mti wa mkurungu ambalo kwetu hutoa wekundu wa kutisha. Mwalimu alichora ubaoni. Rangi nzuri, alisema, ni kama mtu aliyedandia lori: lazima awe na jicho la kuona jua na mkono wa kushikia bomba. Jicho bila mkono, anaanguka. Mkono bila jicho, amebebwa tu. Ikiwa rangi za porini hazina vyote viwili, tutazitunga wenyewe. Na akatuambia jambo lililoniharibia mwaka. Mwisho wa muhula wangekuja wageni wa elimu kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea kemia ya rangi. Ambaye kioo chake kingesogeza mshale mbali zaidi, ndiye ambaye angempendekeza. Nafasi moja, alirudia, akatutazama kwa zamu kama mtu anayegawa nyama.

Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa naamka kabla ya kengele, nasugua vioo, napima unga kwa kijiko kilekile, naandika kila kitu kwenye daftari. Mwamvua alichelewa, alisahau daftari bwenini, aliandika viganjani. Na siku moja alikuja na mfuko wa vidonge vya kichwa. Alikuwa ameviomba kwa muuguzi mmoja wa hospitali ya Kitete, akidai wasichana wa bweni zima wanaumwa. "Mtani," akaniambia, "nimepata mkono." Akakaa, akanichorea kiganjani mwake. Rangi ya chungwa tuliyofundishwa kuitunga darasani ina jicho zuri lakini haina mkono, unga wa zinki unaisukuma. Ila ndani ya dawa ya kichwa, ukiichemsha na kuivunja, kuna kipande chenye mikono miwili iliyokaa jirani. Kwa nini tusiitunge rangi ileile juu ya kipande hicho? Aliyasema hayo huku anatafuna kashata. Mwalimu Lugendo alipoonyeshwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Nani kakufundisha hii?" "Hakuna, Mwalimu. Nilikuwa naumwa kichwa." Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka zaidi, na meno yaliniuma kwa kucheka.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nyuma ya pazia la stoo natafuta vyombo, Mwalimu akaingia na Mkuu wa Shule. Mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole ambayo ilitisha kuliko ya ukali. Akauliza kuhusu wale wasichana wawili wa Jumamosi. "Kalunde ni mchapakazi," Mwalimu akasema. "Nisingependa msaidizi mwingine." "Na yule wa pwani?" Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mchumba, "Yule ana kipaji." Leo kijana akiitwa mchapakazi atafurahi, na miaka ile ya kujitegemea neno hilo lilikuwa karibu sawa na medali, lilipigiwa makofi kwenye mikutano. Mimi nilisimama na bika mbili mikononi nikaona nimetukanwa. Mpagazi pia ni mchapakazi. Punda ni mchapakazi. Nilingoja mpaka walipotoka, nikaziosha zile bika zilizokwisha kuoshwa. Nina karibu miaka sabini sasa, nimeshapewa vyeti vya kila aina, na bado nikilisikia neno hilo redioni nazima.

Jumapili ile niliomba ruhusa nikaenda Itetemia kwa shangazi yangu Mashavu, aliyekuwa anapika rangi za ukindu na kusuka mikeka ya kuuza mjini. Nilimkuta uani, sufuria ya mkurungu inatokota. "Mwangaluka, mama," akanisalimu kwa Kinyamwezi, akanipa kigoda na kibakuli cha matobolwa, viazi vilivyokaushwa ambavyo mpaka leo navikumbuka kila mvua ya kwanza inaponyesha. Nililalamika kwamba nimechovya kioo changu siku tatu, kimekuwa chekundu kama damu, na mshale hausogei. Hakujua kioo wala mshale, lakini rangi aliijua. "Unaosha?" akaniuliza. Nikasema ya nini kuosha, si nitaipoteza. Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akachukua fungu la ukindu kutoka kwenye sufuria, akalitia kwenye beseni la maji, likatoka wekundu mwingi. Akamwaga. Akatia maji mengine. Akamwaga. Mara ya tano maji yalibaki meupe, na ukindu ulikuwa umepauka lakini una rangi moja tulivu. "Hii ndiyo rangi," akasema. "Ile uliyokuwa unaionea fahari haikushika ukindu, imeshika rangi mwenzake. Inayotoka ni mgeni, inayobaki ndiye mwenye nyumba." Jumamosi iliyofuata nilisingizia kuchoka, nikangoja Mwamvua aende kula, nikaosha kioo changu kwa spiriti mara tano, sita, mpaka spiriti ikatoka kama maji. Kilibaki cha waridi hafifu, cha aibu. Nikakitoa juani. Mshale ukasogea mistari kumi na moja.

Nilikiondoa juani upesi, nikakirudisha kabatini. Sikumwambia mtu. Nilielewa palepale kilichokuwa kinatokea, kwa kuwa mchapakazi naye ana akili: rangi inayougusa unga ndiyo inayotoa umeme, na iliyopanda juu ya mwenzake inakula jua bure na kuuziba mlango. Nilielewa pia kwamba Mwamvua, mwenye rangi bora kuliko yangu mara nyingi, alikuwa anakizamisha kioo chake siku nne, siku tano, akifurahia kinavyokolea. Alikuwa na rangi asiyojua kuiosha. Mimi nilikuwa na maji. Ungemuuliza mtoto mdogo, angekwambia tuweke vitu vyetu beseni moja.

Siku mbili kabla ya wageni alinikuta nafua kwenye sakafu ya saruji nyuma ya bweni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema mshale wake unakufa. Kioo kikikolea, mshale unarudi nyuma. Jana mistari minne, leo miwili. "Mtani," akasema, "weka utani pembeni. Nimeona chupa ya spiriti imepungua. Wewe kioo chako unakiosha?"

Watani wote wanalijua neno hilo. Ukiambiwa utani pembeni, mlango umefungwa. Hutukani tena, huchezi tena, unajibu kama mtu anayejibu mzazi. Ni sheria ndogo, ndiyo inayoshikilia nyingine zote, kwa maana bila hiyo utani ungekuwa matusi matupu. Nilikamua shuka langu. Nilimtazama miguu, ilikuwa na hina iliyoanza kufifia kwenye vidole. Nikasema, "Sisi wapagazi tunaosha wapi? Sisi tunabeba tu, tunaoga tukifika kwenu pwani." Alinitazama sekunde moja zaidi ya kawaida. Halafu akacheka, kicheko chake chote, akanirushia maji ya povu, akaondoka. Mimi niliendelea kukamua shuka lililokwisha kukauka mikononi.

Wageni walikuja wanne, na suti za mikono mifupi, wakala wali wa kuku ambao sisi tuliunusa tu. Jua lilikuwa kali. Kioo cha Mwamvua kilikuwa cha kupendeza mno, chungwa lililoiva, mmoja wao akasema "Aisee," kabla hata hakijaunganishwa. Mwalimu Lugendo akaunganisha nyaya. Mistari miwili. Akabana vibanio upya, akageuza, akapuliza vumbi lisilokuwapo. Miwili. Kisha kikaja changu, kile kilichopauka, na mshale ukaondoka kama umesukumwa, ukasimama kumi na moja. "Umefanyaje, Kalunde?" Mwalimu akaniuliza, na nikaona usoni mwake kwamba anauliza kwa kweli, kwamba mwalimu yule alitaka kujifunza. "Sijui, Mwalimu," nikasema. "Labda ni mkurungu wetu." Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Mwamvua. Alinikumbatia mbele ya wageni, akapaza sauti: "Mpagazi wangu kapata mzigo wa Ulaya!" Wageni walicheka sana walipoelezwa kwamba sisi ni watani.

Basi nilikwenda. Nilisoma, nikarudi, nikatia rangi vitenge na kanga za nchi hii kwa miaka thelathini katika kiwanda kimoja hapa Morogoro, na kila chumba nilichokiongoza kilisifiwa kwa uoshaji. Mwamvua alipelekwa chuo cha ualimu. Alifundisha kemia Kisarawe mpaka akastaafu, na kila Idi aliniandikia barua ya matusi mazuri. Mtu angedhani kwamba nikishashinda wivu ungeniacha. Haukuniacha. Niliionea wivu barua yenyewe, ilivyoandikwa bila hesabu, na niliwaonea wivu wanafunzi aliowataja kwa majina. Alizaa, akajukuu, akanenepa, na katika barua zote zile hakuniuliza tena lile swali.

Msibani nilifanya kazi yangu. Niliingia uani Kisarawe nimefunga kanga yake kichwani na miwani yake puani, nikalala mlangoni nikasema Mzaramo hatoki mpaka arudishe hongo ya babu zangu. Nikaiga alivyofundisha, chaki sikioni, "Sasa, jamani, sasa," na wanawake waliokuwa wamevimba macho wakashikana mabega kwa kicheko. Halafu nikainuka, nikavua ile miwani. Nilisema, "Utani pembeni." Wakacheka. Nikasema, "Huyu mwanamke aliniuliza kitu kimoja, nikamdanganya. Nafasi niliyokwenda nayo Ulaya ilikuwa yake. Niliiba kwa ulimi wangu, na yeye akanipigia kigelegele." Bibi mmoja akapiga makofi: "Ee! Mnyamwezi huyo! Mwizi tangu enzi za pembe!" Nikarudia, nikalia, na wao wakaona ninavyolia ndivyo ninavyoiga vizuri. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo uani palivyochangamka. Mwisho nilikaa mkekani, nikapewa maji.

Baada ya maziko Chausiku alinipeleka chumbani kwa mama yake. Mtani hupewa kitu cha marehemu. Alinipa fundo dogo la kitambaa cha kanga, na ndani yake kilikuwa kioo, chungwa lililoiva, hakijapauka hata kidogo kwa kukaa sandukuni. "Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake, halafu anakifunga tena," akasema. "Alikuwa anawaambia, hapa ndipo mtani wangu aliponishinda kwa haki."

Kipimo cha Mwalimu Lugendo ninacho. Alinipa mwenyewe nilipokwenda kumwamkia baada ya kustaafu kwake. Nilirudi Morogoro, nikangoja jua la saa sita, nikapaka masizi kipande cha kioo kwa mshumaa, nikanunua ayodini duka la dawa. Kwanza nilikijaribu kioo chake kama kilivyo. Mistari miwili, kama siku ile. Ndipo nikatwaa bakuli na spiriti. Nikaosha, nikamwaga. Nikaosha, nikamwaga. Rangi ilitoka nyingi mpaka nikaogopa kwamba haitabaki kitu. Mara ya saba spiriti ikatoka nyeupe, na kioo kilikuwa cha manjano laini, kama ugali wa mwaka ule. Nikakibana, nikakiweka dirishani. Mshale ukaondoka. Ukapita minane, ukapita kumi na moja bila kusita, ukawa bado unakwenda. Nilikuwa peke yangu, hakuna wageni, hakuna nafasi, mwenyewe yuko chini ya udongo. Na kabla ya majuto, kabla hata ya machozi, kilichonipanda kifuani kilikuwa kitu kilekile cha zamani. Nikanyoosha mkono, nikakiondoa juani upesi kabla mshale haujasimama.